Niko Hamburg, nataka harusi ya watu 40 tu, mama yuko Moshi hataki kusikia

Binti_wa_Kihamba

Wakuu habarini. Niko Hamburg mwaka wa sita sasa, mchumba wangu Mjerumani, tumekubaliana tuoane na tunataka harusi ndogo kabisa, watu 40 basi, tule, tucheze kidogo, kila mtu akalale kwake. Shida ni mbili. Ya kwanza ni Standesamt, yaani ofisi ya ndoa ya huku, wanataka cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kuthibitisha sijaolewa, kila kitu kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, alafu faili likaguliwe waridhike ndo tupewe tarehe, nina miezi minne nasubiri tu. Ya pili ni mama. Nilipomwambia watu 40 alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, alafu akauliza "arobaini wa upande gani?" Nikamwambia mama, jumla. Akasema haya, ngoja nikatoe chakula jikoni. Tangu siku hiyo nikimtumia meseji ananirudishia kidole gumba. Nifanyeje jamani?

mzee_wa_treni

Dada hongera kwanza. Kuhusu Standesamt usijitese, nendeni Denmark kama tulivyofanya mimi na shemeji yenu. Mnaomba kwa mtandao ofisi moja inaitwa Familieretshuset, mnalipa ada yao, mnapakia pasi, kibali chako cha kuishi Ujerumani na vielelezo kwamba ni wapenzi kweli (sisi tulituma picha na tiketi za safari, mpaka picha ambayo nimesinzia ukweni ilienda), wakiridhika wanawapa cheti ambacho kinatumika ndani ya miezi 4 na hapo mnachagua manispaa mnayotaka. Wengi wanaenda Tønder kwa sababu iko mpakani, kutoka Hamburg unapanda treni unabadilisha Niebüll unafika, au kisiwa cha Ærø kama mnataka picha nzuri. Shughuli yenyewe haizidi robo saa aisee, mi nilikuwa bado natafuta pa kuweka koti naambiwa tayari. Cheti wanakupa chenye lugha kadhaa, Kijerumani kimo, Ujerumani wanakitambua. Ila kama unataka mama awepo ajue anahitaji visa ya Schengen na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, anza mapema.

MamaGoodluck_Tabata

Mwanangu hao wanakueleza makaratasi, mi nakueleza mama yako. Muulize ana daftari? Mimi ninalo, kaunta buku la kwaya mbili, nimeandika kila harusi niliyochangia tangu mwanangu wa kwanza yuko chekechea, jina, tarehe, kiasi, na kama nilipewa kadi ya singo au dabo. Kuna watu humo nimewachangia sendofu, kichen pati, harusi na ubarikio wa mtoto. Sasa mtoto wangu aniambie watu 40, hao wote nawaambia nini? Wataona nimewabagua, na wale ambao mimi ndo nilikuwa mhazini wa kamati yao ndo kabisaa, sitapita sokoni. Mama yako hagombei pilau, ana miaka ishirini anatoa, hii ilikuwa zamu yake kupokea.

Kwa hiyo usimpunguzie watu, mgawie shughuli. Sendofu ni ya upande wa binti, mwachie yeye na kamati yake, aweke MC anayemtaka, wakate ndafu, we uje kama mgeni rasmi ukae pale mbele utabasamu. Harusi ya watu 40 ibaki yenu. Na mahari msiruke, hata kama mchumba haelewi, mshenga aende kwanza, usipeleke picha za Denmark kabla baba hajakaa na wazee.

kijana_wa_Forodhani

Njooni Zanzibar, ufukweni watu 40 wanatosha na jua linapozama picha zinajipiga zenyewe. Wajerumani wako wajue tu visa ya kawaida ni dola 50, na ile bima ya Zanzibar ya dola 44 kila mgeni mtu mzima, hiyo ipo tangu Oktoba 2024.

MamaGoodluck_Tabata

We kijana, wazee wa Marangu unawapandisha boti kwa kazi gani? Nusu watakuwa wanatapika mpaka Darajani.

Mangi_mstaafu

Fanya Desemba. Mnajua wenyewe Krismasi Wachaga wote tunapanda nyumbani, ukoo mzima utakuwa kihambani, pale kwenye shamba la ukoo, hata bila harusi, hamlipii mtu nauli wala hoteli. Tiketi za ndege kuja KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, kipindi hicho ni moto, hapo sikudanganyi, kata mapema. Kama mtakuwa mmeshafunga Denmark mwambie mchungaji wenu mapema kabisa kwamba mnataka kubarikiwa ndoa siyo kufunga, maana mkifunga ndoa Tanzania kuna tangazo la siku 21 na nyie likizo yenu ni wiki mbili. Kuhusu 40, sahau. Chini ya migomba hakuna anayehesabu, jirani akisikia muziki anakuja na kiti chake.

Binti_wa_Kihamba

Asanteni sana. Denmark tumeomba jana usiku, mchumba kapakia picha 31, nimemwambia basi inatosha. Mama nimempigia asubuhi, sikutaja idadi, nikamuuliza tu kuhusu daftari. Akacheka, akaenda kulichukua, nikasikia anafungua kabati la vyombo. Tumekaa saa nzima ananisomea majina, kuna mtu mama alimchangia mwaka 2004 elfu kumi na tano na mpaka leo mama anamdai kadi. Sendofu ni Desemba 28, kamati imeshapata mwenyekiti, grupu la wasapu lina watu 63 na mimi hawajaniunga.

mzee_wa_treni

Hawatakuunga. Ukiingia humo utaanza kupunguza watu.