Yule jamaa amesuuza pampu ya dawa mtoni mbele ya macho yetu, halafu akatutukana!

Mlinzi wa Kijito (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado na matope magotini na hasira imenifika kooni.

Jina sitaji. Mnamjua wote. Ni yule yule wa kofia pana, ambaye viazi vyake vimesogea kila msimu mpaka sasa vinachungulia maji. Yule anayejiita rafiki wa mazingira kila kamera ikifika, na ikiondoka anarudi kuwa adui wa kila kitu chenye mapezi, majani au mabawa.

Leo asubuhi watu wa kujitolea wameinama wanapanda miche ng'ambo. Bwana mkubwa akateremka na pampu yake ya mgongoni, akafungua kifuniko, akaitumbukiza kwenye kile kidimbwi kilicho juu tu ya changarawe wanakotagia samaki aina ya trauti. Akaitikisa. Akamwaga. Maji yakageuka meupe. Akapigiwa kelele aache. Akasimama, akatutazama, akasema: "Samaki hawapigi kura." Kisha akajaza tena na kumwaga MARA YA PILI.

Mara ya pili, jamani! Baada ya kuambiwa!

Hesabu ni hii. Pampu ya lita 20, dawa ya wadudu ya kundi la pairethroidi yenye nguvu ya asilimia 5, unatia mililita 20. Hapo ndani kuna gramu 1 ya sumu yenyewe, yaani miligramu 50 kwa kila lita. Ukimaliza kupuliza, chini ya tangi na ndani ya mpira husalia kama nusu lita. Hizo ni miligramu 25. Sasa dawa za kundi hili, kama lambda-sihalothrini na deltamethrini, zinaua nusu ya trauti ndani ya saa 96 zikiwa hazijafika hata mikrogramu 1 (sehemu moja ya elfu ya miligramu) kwa lita. Kwa kiwango cha nusu mikrogramu, ile nusu lita yake inatosha kuharibu lita 50,000 za maji. Ni matangi matano makubwa ya lita 10,000, kwa masalio tu! Na kabla samaki hajafa, wanakuwa wameshakufa wadudu wote wa chini ya mawe anaowala.

Kusuuza pampu si elimu ya chuo kikuu. Changanya dawa inayotosha shamba lako, isibaki. Ikiisha, tia lita 2 za maji safi, tikisa, pampu mpaka maji yatoke kwenye nozeli, na uyapulizie mazao yale yale uliyotoka kupulizia. Rudia mpaka mara 3. Chupa ya dawa nayo suuza mara 3, maji yake yarudi ndani ya pampu wakati unachanganya, halafu itoboe chini isije ikabeba maziwa ya mtoto wa mtu. Yote hayo ni dakika 10, na hakuna hatua hata moja inayohitaji mto.

Yeye akaona mto. Na akatuambia samaki hawapigi kura.

Gura Juu

Nimemjua kabla sijamaliza sentensi ya pili. Huyo ndiye aliyeng'oa vigingi vyetu vya alama akavifanya nguzo za banda la kuku. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima ukingoni, kuanzia mita 6 mpaka mita 30 kutegemea upana wa mto, na kipimo kinaanzia pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika, si pale maji yalipo kiangazi. Yeye anapima kiangazi. Kila mwaka mto ukipungua, shamba lake linarefuka.

Mama Miche

Msisahau siku ya kupanda miti! Alikuja na mikaratusi, akaipanda hatua mbili kutoka majini, na karatasi za polithini hakuzitoa ili picha ipatikane haraka. Mche uliofungiwa mizizi kwenye polithini unajizungusha humo humo, kiangazi cha kwanza unanyauka, na ukiushika unang'oka na kifurushi chake kizima. Shimo ni sentimita 45 kwenda chini na 45 upana, udongo wa juu unawekwa kando ili urudi kwanza, polithini inachanwa, shingo ya mche inakaa sawa na ardhi. Aliambiwa yote haya. Akajibu kwamba mpiga picha ana haraka.

Mbishi wa Kawaida

Mleta uzi, pole, lakini nimesoma "mara ya pili" na "hawapigi kura" mpaka nimeanza kuviota. Swali langu ni moja: sampuli umechukua? Hukuchukua. Umechukua hasira. Maabara haipimi hasira.

Kwa wenye akili iliyotulia: chupa ya kioo, si ya plastiki, kwa sababu dawa hizi zinanata kwenye plastiki na kipimo kinatoka kidogo kuliko ukweli. Jaza mpaka mdomoni isibaki hewa, funika isipigwe na jua, iweke kwenye barafu, ifike maabara haraka. Chukua juu ya tukio na chini ya tukio, ili mtu asije kusema sumu imetoka kwa jirani. Na chukua tope la chini! Pairethroidi haikai ndani ya maji muda mrefu, inashika kwenye tope. Maji ya jioni yanaweza kuonekana safi na tope bado linashitaki.

Mlinzi wa Kijito

Mbishi, wakati unachukua chupa ya kioo mtu amesimama mbele yako anacheka! Alicheka! Na tope tutachukua kesho, asante. Lakini ungemsikia alivyolisema lile neno, hata wewe ungeacha chupa.

Mbishi wa Kawaida

Nisingeacha chupa.

Gura Juu

Fanyeni na kipimo cha wadudu, hakihitaji maabara. Wavu wa matundu ya milimita 1, simama upande wa chini ya mkondo, vuruga mawe kwa miguu dakika 2, mimina kwenye beseni jeupe. Tafuta yule wa mikia miwili mwenye makucha mawili kila mguu, yule wa mikia mitatu mwenye mashavu ya kupumulia ubavuni, na yule anayejijengea kinyumba cha vijichangarawe. Hao watatu wakiwepo juu ya kidimbwi na wakakosekana chini yake, mmepata jibu. Mkibaki na minyoo myekundu na ruba peke yake, mto umeumia. Ila pimeni mapema kabla mvua haijashusha wadudu wapya kutoka juu, maana watamsafisha mkosaji.

Chura wa Mlimani

Samahani, naingilia. Nyote mnalia juu ya samaki ambaye si wa hapa. Trauti wa kahawia aliletwa 1905, mayai kutoka Scotland, setla Grogan akawamwaga mto Gura, kule Aberdare. Yule wa upinde wa mvua akafuata 1910 kutoka Afrika Kusini. Kabla yao vijito vya juu vilikuwa na wadudu na vyura wake, na trauti anawala hao hao. Mnapanda msitu kwa ajili ya mgeni aliyeletwa ili masetla wapate mchezo wa kuvua, na wenyeji wa mto hawana hata bango. Malalamiko yangu mimi ni haya, na hakuna anayeyafungulia uzi.

Mama Miche

Chura, hoja ya vyura naikubali kabisa, na pale trauti hajafika asipelekwe. Lakini sumu ile haikuuliza nani mgeni. Vyura wako walikuwa kwenye maji hayo hayo.

Na trauti ana kazi moja kubwa: anasema ukweli kuhusu mto mapema. Maji yakizidi nyuzi 20 anaacha kula, yakikaribia 25 anakufa. Halafu huku juu, mita 2,000 hivi, hewa ni nyepesi, oksijeni ndani ya maji inapungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Maji ya nyuzi 10 yanabeba karibu miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 20 yanabeba karibu 7 tu, na 7 kwa trauti ni mpakani. Ukikata miti ya kivuli ukingoni umempiga mara mbili: umempashia maji joto na umempunguzia pumzi.

Mayai ndiyo yanayoniuma zaidi. Jike analala ubavu, anachimba changarawe kwa mkia, anataga, anafukia. Maji yakiwa nyuzi 10, mayai ya yule wa upinde wa mvua yanakaa humo karibu mwezi mzima, na wakishaanguliwa wanabaki chini ya mawe wiki 2 au 3 zaidi wakila kiini chao. Muda wote huo wanapumua maji yanayopita katikati ya kokoto. Shamba la viazi lililolimwa kufuata mteremko linashusha tope laini mvua ya kwanza tu, nafasi zile zinaziba, na mayai yanakosa hewa. Huoni samaki aliyekufa akielea. Unaona mwaka unaofuata hakuna wadogo.

Mlinzi wa Kijito

Na ni juu ya changarawe HIYO HIYO ndipo alipoimwaga. Mara ya pili.

Mrina Asali Moshi

Nyinyi mna mita 6 mpaka 30 mnalalamika. Huku Tanzania Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni, hakuna shughuli ya kudumu. Sitini! Njoo uone nyanya zilivyojaa ndani ya hizo sitini. Mtu wetu, na wa huku wanamjua, amefunga injini ya kuvuta maji juu kabisa ya jiwe la katikati ya mto, mafuta yanadondoka tone tone, na ukimsemesha anakuuliza kama mto una hati. Afadhali huyo wenu alisuuza akaondoka. Wa kwetu amehamia.

Bomba Usiku

Mnagombania sumu na mita, maji yenyewe yapo? Huku kwetu jamaa (wa bondeni wanamfahamu, yule wa mabomba meusi) amejenga ukuta wa kuchukulia maji mto mzima, na bomba lake liko CHINI kuliko mdomo wa kumwagikia. Kiangazi kikifika anakunywa mto wote peke yake, chini yanabaki mawe na harufu. Ukuta halali unatobolewa kinyume chake: tundu la kupitisha maji ya akiba, yale ambayo lazima yabaki mtoni, linakuwa chini, na bomba la mtumiaji linakuwa juu yake. Mto ukishuka, mtumiaji ndiye anakosa kwanza. Na mwenye kumwagilia anapaswa kuchota maji ya mafuriko na kuhifadhi ya siku 90 bwawani kwake. Nani ana bwawa? Ana bomba na kiburi.

Gura Juu

Huyo wa mabomba meusi ni mbaya kuliko wa kofia. Nimesema.

Mlinzi wa Kijito

Hapana! Wa mabomba hakusema samaki hawapigi kura! Turudi kwenye mada jamani.

Shoka Butu

Mimi nataka kuuliza kuhusu mikaratusi aliyotaja Mama Miche. Sisi tulikata yote ukingoni, sasa kila kisiki kimetoa machipukizi kumi. Tumejipatia msitu mara kumi.

Mama Miche

Ni kawaida yake. Tangu marehemu Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira Kenya, aagize mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji, watu wanakata na kwenda nyumbani, na mti unarudi una hasira. Kata chini kabisa, karibu na udongo. Halafu chuna gome lote la kisiki kuzunguka, fukua kidogo uchune mpaka chini ya usawa wa ardhi, kwa sababu macho ya kuchipukia yako kwenye gome pale shingoni. Kikichipuka tena, bomoa machipukizi yakiwa mafupi kuliko goti, usingoje. Na kisiki cha ukingoni USIKING'OE. Mizizi hata ikiwa imekufa inashikilia ukingo miaka kadhaa, wakati huo miti yako ya asili, muiri, mukoigo na mutundu, inashika. Ukiking'oa, mvua moja tu na ukingo uko mtoni, juu ya mayai. Dawa ya kuua visiki usipake karibu na maji, tusirudi tulikotoka.

Chura wa Mlimani

Na mianzi je? Kuna mtu kajaribu ile ya mlimani ukingoni? Miche ya kitalu kwetu haipatikani.

Shoka Butu

Naunga swali. Ya kwetu tulichomeka fimbo kama mihogo, zikakauka zote.

Gura Juu

Fimbo tupu haishiki kwa mwanzi wa mlimani, unahitaji tunguu, lile shina la chini ya udongo. Chagua mwanzi wa mwaka 1 au 2, ulio pembeni ya kichaka. Fukua pole pole, ukate tunguu pamoja na mizizi yake, na jicho moja zima angalau liwepo. Ubua ukate ubaki na vifundo 2 au 3, usiache mrefu kwa sababu upepo unautikisa na mizizi mipya inakatika. Funga kwa gunia bichi, upande siku hiyo hiyo, kina kile kile ulichokuwa nacho, mvua ndefu zikianza. Ng'ombe wasifike mwaka wa kwanza, wanapenda machipukizi yake kuliko nyasi. Na usichimbe ndani ya msitu wa serikali bila kibali; uliza wenye mianzi mashambani.

Chura wa Mlimani

Ubora wa jicho utautambuaje?

Gura Juu

Likiwa zima ni gumu, limechongoka, rangi ya manjano hafifu. Likiwa laini au jeusi, tupa, chukua lingine.