Tupeane uzoefu: dhiki ilipokufika, ulishikiliwa na hadithi gani ya Biblia?

Mama wa Muyeye: Hamjambo wapendwa. Tangu walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Aprili 2023, nimekuwa mzito wa kuzungumzia mateso na imani. Miili zaidi ya 400 ilitolewa mle msituni, watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Siku hizi hapa Malindi ukisema tu umefunga, jirani anakutupia jicho. Lakini Biblia hiyohiyo ndiyo iliyonivusha nilipofiwa na mume. Wewe je, ulishikiliwa na hadithi ipi? Mahubiri tuyaache ya Jumapili, hapa semeni yaliyowakuta.

Nahodha mstaafu: Mimi Matendo 27, Paulo na wenzake melini katika dhoruba. Tulitoka Ngomeni, kusi likatukamata, injini ikazima, maji yanaingia. Tulitupa barafu, tukatupa samaki, mwisho nikatupa jarife jipya, wavu wangu mkubwa, ambalo deni lake lilikuwa halijaisha. Aliyewahi kutupa jarife lake kwa mkono wake ataielewa sura ile. Na wale wa meli ya Paulo walitupa shehena, kisha vyombo vya meli, mwisho ngano. Walikuwa watu 276, siku 14 hawajala. Paulo, mfungwa tu mle, hakuwaambia waombe zaidi. Aliwasihi wale, akatwaa mkate, akashukuru mbele yao, akaanza kula yeye. Meli ilivunjika vilevile! Watu wote wakafika Malta, wengine wameshikilia mbao. Sisi tuliokotwa na mashua ya Mambrui, na deni la jarife nililipa.

Dada wa Ganda: Nilipomzika mwanangu, kila aliyekuja matangani alinitajia Ayubu: utarudishiwa maradufu. Nikaenda kujisomea. Kweli, kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Lakini watoto kumi wakawa kumi. Mchungaji mmoja akanieleza kwamba wale wa kwanza wako mbinguni, kwa hiyo jumla ni ishirini. Hesabu nzuri, ila usiku haikunilaza. Nilichokishika ni sura ya 3, Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa, halafu sura ya 42, Mungu anapowakasirikia marafiki waliokuwa wakimtetea Yeye, na kusema Ayubu ndiye aliyenena sawa. Mimi nilikuwa naogopa hata kulia kwa sauti nisiambiwe sina imani. Ingawa hao marafiki nao tusiwaonee: siku saba za kwanza walikaa naye chini, hakuna aliyefungua kinywa. Wangeishia hapo tu.

Jirani wa Shela: Asalaam aleikum. Mimi Muislamu, lakini Nabii Ayyub ni wetu pia, kwa hiyo naingia bila hodi. Bibi yangu, mzaliwa wa Lamu, alikuwa na beti za Ayyub kichwani, akituimbia mtu anapougua. Katika Qurani Ayyub anaambiwa apige ardhi kwa mguu, yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Baba yangu alipokuwa akisafishwa damu hospitali, figo zimekufa, maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe. Ile aya aliniomba nimsomee kila mara. Nami nilikuwa naisoma huku namwonea huruma, maana najua anachokisikia pale.

Mama wa Muyeye: Karibu sana, kaka. Hapa si kwa watu.

Mwalimu wa Watamu: Eliya, 1 Wafalme 19. Juzi tu kashusha moto mlima Karmeli, leo anamkimbia malkia Yezebeli, ameketi chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mwaka nilioshindwa hata kuingia darasani, shangazi yangu alikuwa akija na wali wa nazi na samaki wa kupaka, anaketi mpaka nimalize, anaosha sahani, anaondoka. Aya hata moja hakunisomea, na yeye ni mzee wa kanisa!

Kijana wa Barani: Naona kila mtu hapa analishwa. Kwani kufunga imekuwa dhambi? Yesu alifunga siku 40.

Mama wa Muyeye: Si dhambi, mwanangu, hata mimi nafunga. Ila soma Mathayo 4 yote. Baada ya zile siku aliona njaa, imeandikwa wazi, na mwisho malaika wakaja wakamtumikia. Kule msituni kulikuwa na watoto, na hao hawakuchagua kufunga.

Kijana wa Barani: Hapo nimekupata, mama. Basi yangu ni Yusufu, yule mnyweshaji aliyetoka gerezani akamsahau miaka miwili mizima. Na mimi kuna mtu nilimwandikia barua ya kazi, akapata, simu yangu hapokei. Ni ndefu, nikitoka zamu jioni nitaiandika yote.