Mteja ananiambia "ikuze kama kwenye muvi". Mafundi wa kamera mnajibuje?

FundiNyaya_Mza:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa CCTV hapa Mwanza, mwaka wa tisa huu. Naomba ushauri, na kidogo nataka kulia.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mama mwenye duka la vipodozi, kakwapuliwa pochi mlangoni saa mbili usiku. Kijana kashuka kwenye bodaboda, kavuta, karuka nyuma ya mwenzake, wametokomea. Kamera imeona yote. Nikaenda, nikafungua DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera, nikatafuta tukio. Saa ya DVR ilikuwa nyuma kwa dakika 40, ila hiyo ni kesi nyingine. Pikipiki ikaonekana. Mama akasema, "Haya baba, sasa ikuze tuone namba."

Nikaikuza. Vikatokea viboksi vya kijivu. Mama akasubiri. Nikajikuta nasubiri na mimi, sijui nilikuwa nasubiri nini. "Mbona haijisafishi?" Nikamwambia mama, imeishia hapo. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa simu ya udongo.

Anachosubiri nakijua, maana mwanawe anazo misimu kadhaa ya CSI, ile tamthilia ya upelelezi ya Kimarekani, kwenye flashi na TV ya dukani haizimwi. Mle jamaa anasema ikuze, dada anabonyeza vitufe vinne, picha inajipangusa yenyewe, namba ya gari hiyo hapo.

Hesabu ni hii. Kamera yake ni ya megapikseli 2, yaani nukta 1920 kwa upana. Mwenyewe aliniambia anataka ione barabara yote, nikamwekea lenzi pana, na pale lami ilipo picha inabeba kama mita 20. Gawanya: nukta 96 kwa mita moja. Kibao cha namba cha pikipiki hapo kinapata nukta ishirini na kitu, kila herufi nne au tano. Halafu ni usiku, taa ya kamera inapiga kwenye kibao kinachoakisi, chote kinakuwa cheupe kama sahani. Herufi ambayo haikuingia kwenye kamera siwezi kuitoa kwenye kompyuta.

Kilichonileta hapa ni cha siku mbili baadaye. Yule mwanawe kapiga picha kioo cha TV, kaiingiza kwenye programu ya akili mnemba ya simu, imemletea sura. Sura kamili, wakuu! Kope, ndevu changa, hadi kovu la kidevuni. Mwizi mwenyewe alikuwa kavaa kofia, uso wake wote haukuzidi nukta 15. Wakaipeleka kijiwe cha bodaboda, mtu akasema "huyu si yule muuza maji wa stendi?" Nilipigiwa simu nikiwa juu ya ngazi. Nilishuka nikakimbia. Kijana wa maji alikuwa ameshakunjwa shati. Namshukuru Mungu mwenyekiti wa mtaa alikuwa jirani.

Sasa swali: mnamwelezaje mteja haya KABLA hajalipa, asije akaona namficha kitu au natafuta hela ya pili?

Mtandao_Kimya:

Pole mkuu. Mimi ni wa seva na mitandao, na msalaba wangu ni huo huo. Bosi wangu aliona tamthilia ya NCIS, kile kipande cha watu wawili wanaoandika kwenye kibodi moja kumzuia mdukuzi, tangu siku hiyo mfumo ukikwama anakuja kusimama nyuma yangu kama anataka kusaidia upande wa kushoto. Na filamu ya The Net ya 1995 wanaonyesha anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao, yenye 748 ndani yake, wakati namba hiyo huandikwa kwa mafungu manne na kila fungu linaishia 255. Hiyo ni sawa na kukutajia saa 31 na nusu.

Ila niwe mkweli, wapo waliojitahidi. Filamu ya Matrix Reloaded ya 2003, yule dada Trinity anapoingia kwenye mitambo ya umeme anatumia nmap, programu ya kweli ya kukagua mitandao tunayoitumia kazini. Sekunde chache tu, lakini siku ile niliwasumbua wote sebuleni.

BintiWaKisauni:

Fundi, shukuru wewe waulizwa picha. Mimi nilikaa miaka mitatu huduma kwa wateja kwa simu, na kila wiki hakukosi mtu: "Dadangu, nipe tu yuko wapi, nina namba yake." Kwenye filamu polisi husema mzungumzishe, mzungumzishe, bado sekunde kumi. Babangu alikuwa fundi wa simu za zamani, yeye alinieleza: zamani kweli mtu alikuwa akifuata laini kwa mkono ndani ya mtambo, swichi hadi swichi, ndio ikawa lazima muda. Mitambo ya leo namba inajulikana hata hujapokea. Mahali ulipo kampuni huona kupitia minara, na hiyo haipewi mke aliyekasirika, hupewa polisi kwa utaratibu wao. Nimetukanwa mimi kwa hilo!

Mzee_wa_Kibanda:

Nyie mnaikosea burudani. Mimi nina kibanda umiza. Nikionyesha fundi anagawanya nukta 96 kwa mita, nani atalipa? Muvi ina saa moja na nusu, mwizi lazima apatikane.

FundiNyaya_Mza:

Mzee wa Kibanda, sina ugomvi na burudani. Wanaume wakipigwa risasi saba wakaendelea kukimbia, wateja wako wanacheka, wanajua ni muvi. Kwenye kompyuta hakuna anayecheka. Hapo ndipo ninapoumia.

Pikseli_Moja:

Fundi, hiyo programu ya simu haikusafisha picha. Ilibuni, kutokana na sura nyingi ilizofundishwa. Mwaka 2020 watu waliipa programu moja ya namna hiyo picha ya Obama iliyofifishwa, ikawarudishia mzungu. Na 2024 huko jimbo la Washington, Marekani, jaji kwenye kesi ya mauaji alikataa video iliyopitishwa kwenye akili mnemba. Kinachowezekana kihalali ni kuchukua fremu nyingi, yaani picha moja moja za video, za kitu kile kile na kuzilaza pamoja, ila inasaidia kidogo, na haikuzalishii herufi.

Kuhusu swali: acha maneno, mwonyeshe. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2014 kilisema kumtambua mtu usiyemjua kunataka nukta 250 kwa mita. Kwa kamera yako hiyo ni upana wa mita 7 na nusu tu.

FundiNyaya_Mza:

Hii nimeipenda. Nimeshaanza: kabla ya kupokea hela namtuma dogo wangu apite nje na pikipiki mara mbili, mchana na usiku, naninginiza kamera kwa mkono, mteja anaangalia kwenye simu yake mwenyewe. Akitaka namba namwambia hiyo ni kamera ya pili, ya chini, yenye lenzi nyembamba, iangalie mlango tu wala si mtaa.

Mama kanipigia leo. Kakubali ya pili. Kabla ya kukata simu akauliza kama hiyo, usiku, itafika mpaka ziwani.