Spika wa Marekani abaki kwenye foleni ya urais, au aondolewe?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja, tuichambue kwa historia na vifungu, ushabiki wa vyama vyao tuwaachie wenyewe. Nasema Wamarekani walikosea mwaka 1947 walipomrudisha Spika wa Baraza la Wawakilishi na Rais wa muda wa Seneti kwenye foleni ya kurithi urais. Watolewe wote wawili, foleni irudi kwa mawaziri kama sheria ya 1886 ilivyosema.

Kwa ambao hawafuatilii: rais wao akifa, akijiuzulu au aking'olewa, anaingia Makamu. Makamu naye akikosekana, Spika. Halafu Rais wa muda wa Seneti, cheo ambacho kwa desturi hupewa seneta mkongwe kuliko wote katika chama chenye wingi. Ndipo wanafuata mawaziri 15, wa Mambo ya Nje akitangulia na wa Usalama wa Ndani akishika mkia. Jumla watu 18.

Katiba yenyewe ilimtaja Makamu tu. Baada yake ikaliachia Bunge litunge sheria ya kusema ni "afisa" gani atakaimu, na neno hilo moja ndilo lililozaa ugomvi wote. Mwaka 1792 Bunge lilipolishughulikia, watu wa Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, hawakutaka hata kusikia habari ya Waziri wa Mambo ya Nje, maana waziri mwenyewe alikuwa Thomas Jefferson, hasimu wao mkubwa. Wakamweka Rais wa muda wa Seneti kwanza, Spika wa pili. James Madison akalalamika kwamba mbunge si afisa kwa maana ya Katiba. Hakusikilizwa, Rais George Washington akasaini.

Twende 1868. Lincoln keshauawa, Andrew Johnson ndiye rais, na Makamu hana, kwa sababu enzi hizo kiti cha Makamu kikiwa wazi kiliachwa hivyo hivyo mpaka uchaguzi mwingine. Bunge linamshtaki Johnson. Akitiwa hatiani, anayemrithi ni Benjamin Wade, Rais wa muda wa Seneti. Na Seneti ndiyo mahakama ya kesi hiyo! Jina la Wade likaitwa, naye akapiga kura: ana hatia. Matokeo 35 kwa 19. Ingeongezeka kura moja tu, theluthi mbili ingetimia na Wade angehamia Ikulu. Niambieni ni baraza gani la wazee, kijiji gani, linalomkalisha mtu kuamua kesi ya shamba ambalo yeye ndiye mrithi wake.

Kisha 1881. Rais Garfield anapigwa risasi Julai 2, anaugulia siku 79, anafariki Septemba 19 usiku. Makamu wake, Chester Arthur, anaapishwa nyumbani kwake New York saa nane na kitu usiku. Usiku ule nyuma yake hapakuwa na mtu. Baraza jipya la Wawakilishi lilikuwa halijakutana, kwa hiyo hakuna Spika. Seneti ilikuwa imefunga kikao bila kuchagua Rais wa muda. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka New York Arthur aliandika hati ya kuiita Seneti, akaitia kwenye bahasha, juu akaandika "Kwa Rais", akaituma Ikulu kwa posta, ili akifia njiani atakayekuja aikute. Sasa huyo atakayekuja ni nani? Miaka minne baadaye, Novemba 1885, Makamu Hendricks akafa, na viti vile viwili vilikuwa wazi tena. Ndipo Januari 1886 wakawaweka mawaziri. Sheria ile ilidumu miaka 61 bila kumkosesha mtu usingizi. Waliivunja ya nini?

Kibatari

Mkuu, umeandika vizuri ila umemruka Truman, na ndiye mwenye kesi.

Rais Roosevelt alifariki Aprili 12, 1945, Makamu wake Harry Truman akaingia. Hakuwa na Makamu, na hakupata mwingine hadi Januari 1949. Kwa sheria unayoisifia, mrithi wake alikuwa Edward Stettinius, Waziri wa Mambo ya Nje, mfanyabiashara wa chuma ambaye hajawahi kugombea hata udiwani. Truman akaliandikia Bunge mwezi Juni: haipendezi katika demokrasia rais ajiteulie mrithi wake mwenyewe, na waziri ni mteule wa rais. Spika angalau kapigiwa kura na watu wa jimbo lake, kisha na wawakilishi wa nchi nzima.

Unasema sheria ya 1792 ilitungwa kumkomoa mtu. Sawa. Ya 1947 je? Truman alipopeleka pendekezo, Spika alikuwa Sam Rayburn, wa chama chake. Sheria ilipofika mezani kwake Julai 1947 upepo ulikuwa umegeuka, Spika alikuwa Joseph Martin wa Republican. Truman akajua kabisa kwamba akifa usiku ule nchi inakwenda kwa wapinzani wake. Akasaini. Ni wanasiasa wangapi unaowajua wewe wangeishika kalamu ile?

Mama Wawili

Kibatari, jina lako limenikumbusha Calvin Coolidge, Makamu wa Rais Harding. Alikuwa kwa baba yake kijijini Plymouth Notch, Vermont, Agosti 1923, nyumba haina umeme wala simu. Habari ya kifo cha Harding ikaletwa na mjumbe usiku wa manane. Mzee wake alikuwa mthibitishaji wa hati, basi saa nane na dakika 47 akamwapisha mwanawe sebuleni kwa taa ya mafuta. Rais wa Marekani kaapishwa na babake, kisha akarudi kulala. Hadithi hii naipenda, samahanini kwa kuwatoa kwenye mada.

Hoja yangu ni umri, na hapo niko na mleta mada. Tazameni picha za Novemba 27, 1963, Lyndon Johnson akihutubia Bunge siku tano baada ya Kennedy kuuawa. Nyuma yake wamekaa wazee wawili. Mmoja ni Spika John McCormack, miaka 71. Wa pili Carl Hayden wa Seneti, miaka 86. Johnson mwenyewe alikwishapata shambulio la moyo mwaka 1955, na Makamu hana. Hao ndio waliokuwa wa kwanza na wa pili kumrithi mtu mwenye moyo mbovu na mabomu ya nyuklia. Mwaka 2001 Strom Thurmond alikuwa wa tatu kwenye foleni akiwa na miaka 98. Januari 2025 Chuck Grassley amekikalia kiti hicho hicho akiwa na 91. Wazee ni hazina, nakubali, ila babu wa miaka 98 humwamshi usiku umkabidhi vita.

Msoma Vifungu

Kabla hamjafika mbali, mleta mada, umemruka John Tyler, na bila yeye haya yote hayaeleweki.

Katiba yao ilisema madaraka ya rais "yatamwangukia" Makamu. Kinachoanguka ni nini: kazi au cheo? Hakuna aliyejua hadi William Henry Harrison alipofariki Aprili 4, 1841, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa. Tyler alikuwa nyumbani Williamsburg, Virginia. Akakimbilia Washington, Aprili 6 akala kiapo hotelini, akatangaza kwamba yeye ni Rais, kamili, si kaimu. Rais mstaafu John Quincy Adams, wakati huo mbunge, alikasirika kwelikweli. Wapinzani wakambandika jina la "Mtukufu wa Ajali". Barua zilizoandikwa "Kaimu Rais" alizirudisha bila kuzifungua.

Ubishi ule wa hotelini ukawa desturi, makamu saba waliomfuata wakautegemea, na haukuandikwa kwenye Katiba hadi Marekebisho ya 25, Februari 1967. Sisi Tanzania tumeliandika wazi, ibara ya 37(5): Makamu ataapishwa kuwa Rais kwa kipindi kilichobaki. Ndiyo maana Machi 19, 2021 Mama Samia alipoapishwa hakuna aliyeuliza kama ni kaimu. Na Machi 31 tayari tulikuwa na Makamu mwingine, kateuliwa na kuthibitishwa na Bunge. Truman alikaa karibu miaka minne bila mtu.

Sasa, Marekebisho hayo ya 25 yanampa rais uwezo wa kuteua Makamu mpya, na Bunge kumthibitisha. Kabla yake kiti hicho kilikuwa kimebaki wazi mara 16. Tangu hapo mara mbili tu, na zote kilijazwa. Kwa hiyo huyu Spika mnayegombania karibu hana kazi. Mnagombea fito.

Mpigakasia

Mimi niko Mombasa, nawasoma tu, lakini hapa lazima niseme. Kwetu Kenya Spika wa Bunge la Taifa yumo. Rais akikosekana na Naibu naye hayupo, ibara ya 146 inamweka Spika akaimu, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60. Yeye ni daraja tu, watu wanapita kwenda kupiga kura. Sheria ya Marekani ya 1792 nayo ilikuwa na uchaguzi maalum. Truman pia aliutaka, Bunge likaukataa. Matokeo yake Spika wao anaweza kukalia kiti cha mwenziwe miaka mitatu na nusu kwa kura za jimbo moja. Kwa hivyo msinambie Spika ni mbaya. Kibaya ni kumwachia kiti bila mwisho.

Na nyinyi watu wa mawaziri mnikumbuke Haig. Machi 30, 1981 Reagan amepigwa risasi, Makamu George Bush yuko angani akirudi kutoka Texas. Waziri wa Mambo ya Nje, Alexander Haig, anapanda kwenye jukwaa la waandishi, jasho linamtoka, anasema kikatiba ni rais, makamu, kisha waziri wa mambo ya nje, na kwamba kwa sasa yeye ndiye anayeongoza Ikulu. Wallahi alikuwa sahihi, kwa sheria ya zama za babu yake. Kachelewa miaka 34.

Mleta mada

Asanteni. Nianze na Msoma Vifungu: hizo "mara mbili tu" ulizozipita kwa haraka ndizo ushahidi wangu.

Oktoba 10, 1973 Makamu Agnew anajiuzulu kwa kesi ya kodi. Rais Nixon keshazama kwenye kashfa ya Watergate mpaka shingoni. Anayefuata ni Spika Carl Albert, wa Democratic. Nixon anamteua Gerald Ford, na anayepaswa kumthibitisha Ford ni Bunge, likiwa mikononi mwa chama cha Albert. Karibu wiki nane, hadi Desemba 6, chama hicho kilikuwa kimeshika funguo mbili: kumchelewesha Ford na kumng'oa Nixon. Wapo waliomshawishi Albert afanye hivyo. Ted Sorensen, aliyekuwa mwandishi wa hotuba za Kennedy, alimwandalia waraka wa namna ya kuchukua nchi. Albert hakuingia mtegoni, heshima yake. Lakini nchi haiwezi kutegemea kwamba kila Spika atakuwa Albert.

Kibatari, kwa Truman nakubali nusu. Kusaini kwake kulikuwa uungwana. Ila hoja yake kwamba waziri ni mteule wa mtu mmoja imekufa tangu 1967, kwa sababu sasa Makamu mwenyewe anaweza kuwa mteule vilevile. Ford aliingia Ikulu Agosti 1974 bila kupigiwa kura ya urais wala ya umakamu, akamteua Rockefeller. Rais na Makamu, wote hawakuchaguliwa na taifa. Na waziri huthibitishwa na Seneti, si kwamba anaokotwa barabarani.

Mpigakasia, hilo la siku 60 limenishinda. Wangekuwa nalo, nusu ya hoja yangu ingeanguka.

Kibatari

Umekiri nusu, na mimi nikiri robo. Mtu wa Seneti sina la kumtetea, aondoke leo. Spika namng'ang'ania.

Mama Wawili

Unamng'ang'ania yupi? Oktoba 3, 2023 walimfukuza Kevin McCarthy, wakakaa hadi Oktoba 25 bila Spika, wakichaguana na kukataana. Aliyeshikilia nyundo, Patrick McHenry, alikuwa wa kuendesha vikao tu. Wiki tatu nzima aliyesimama nyuma ya Makamu ni Patty Murray wa Seneti, huyo huyo mwenye cheo unachotaka kukifuta.

Na mleta mada, usitukimbie: ile bahasha ya Arthur iliishia wapi?

Mleta mada

Alifika Washington salama, kwa hiyo haikuwa na kazi tena. Seneti akaiita mwenyewe. Oktoba 10, 1881 wakakaa, wakamchagua Thomas Bayard kuwa Rais wa muda. Bayard alikuwa wa Democratic, Arthur wa Republican. Kwa siku tatu uhai wa Arthur peke yake ndio uliosimama kati ya Ikulu na upinzani. Ya tatu wakabadili, wakamweka David Davis, ambaye hakuwa na chama.