Riba ya Benki Kuu ndiyo iliyoiokoa shilingi ya Kenya?

Jatelo wa Kondele: Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 na ushei. Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba hadi asilimia 12.5 mwezi wa Desemba, Februari ikaongeza hadi 13, na mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Watu wanashangilia. Mimi nasema tulikodi dola. Wageni walizileta wakifuata hati fungani ya miundombinu, yaani mkopo wa serikali, iliyolipa zaidi ya asilimia 18. Wakichoka watazibeba warudi nazo. Mnasemaje?

Mama Mitumba Kibuye: Za kukodi, za mchango, mimi sijali. Dola ya 160 ilinimaliza. Robota lilipanda kila nikienda.

Maua Naivasha: Mama, wewe unanunua nje, sisi tunauza nje. Dola ileile ikatupa 130, na mishahara na stima tunalipa kwa shilingi. Halafu watu wa Kisumu mtatufundisha nini kuhusu biashara ya nje? Mmekalia ziwa zima na mnakula samaki wa China.

Eurobondi Tu: Riba ni hadithi. Kulikuwa na Eurobondi, deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 la kulipwa Juni 2024, soko likaogopa. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 kwa karibu asilimia 10 ili ilipe sehemu kubwa mapema. Hofu ikaisha, waliokuwa wameficha dola wakazitoa.

Nyar Dunga: Wewe wa maua, waridi linaliwa na ugali? Huyo samaki wa China anashukia Mombasa na kupita hapo kwenu Nakuru, mbona hamumzuii? Rais Uhuru Kenyatta alitangaza marufuku 2018, na sandukuni bado yuko. Mvuvi wetu anachoma petroli ya dola akipambana na gugumaji.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Wanangu, tulieni. Serikali ikimwaga pesa kuliko tunachozalisha, zinatoka nje kununua vitu, na dola inapanda. Tuliona baada ya uchaguzi wa 1992 na ile kashfa ya Goldenberg, serikali ikalipia dhahabu isiyokuwepo. Mwaka wa 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, dola ikatoka 36 hivi ikapita 60. Riba ya juu huziba pengo hilo, ila huziba kwa kuwanyima watu mikopo.

Maua Naivasha: Mwalimu, 1993 tunajua nani alikuwa Ikulu. Usituzungukie.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Nimemtaja mtu? Soma tena, kijana.

Msee wa Doha: Na sisi je? Pesa tulizotuma nyumbani 2024 zilikaribia dola bilioni 5, zinashinda chai na maua yakijumlishwa. Hatukuuliza riba ni ngapi.

Nyar Dunga: Narudi kwa samaki, maana nimetukanwa. Mbuta wetu anaingia kiwandani, minofu inakwenda Ulaya, sisi tunauziwa mgongo wazi, mifupa iliyobaki. Hizo si dola?

Maua Naivasha: Kumbe nanyi mnauza nje! Sasa mbona mnafurahia dola ya 130?

Nyar Dunga: Aliyefurahia ni Mama Mitumba. Muulize yeye.

Jatelo wa Kondele: Mama, hebu tuambie. Dola iliposhuka, nguo zilishuka bei?

Mama Mitumba Kibuye: Zishukeje, na anayeniuzia robota Nairobi bado ananihesabia bei ya 160?