Re: Julai tunakwenda Dodoma na watoto, tuwapeleke wapi?

> Wapendwa, salaam. Mwaka huu Mungu amejalia nauli imepatikana, tunakwenda nyumbani Dodoma Julai kwa wiki tatu: mimi, mume wangu na watoto wa miaka 7, 10 na 13. Wamezoea likizo za mabembea ya Orlando na wameshaanza kuuliza kama Dodoma kuna mabembea ya maji. Mume anaona tuwape siku tano za hoteli Zanzibar wasije wakachoka na kijiji. Mliokwisha kwenda na watoto, mliwapeleka wapi?
> Mama watatu, Columbus

Dada yangu, mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Kigogo.

Safari yetu ya kwanza tulitaka watoto waone kila kitu. Wiki mbili, mikoa minne. Nchi yao waliiona kupitia kioo cha gari, Noah, na bibi yao aliwapata siku mbili tu. Siku ya kuaga alilia, nami sikuwa na la kumwambia. Safari ya pili hatukutoka kanda ya kati, na hiyo ndiyo wanayoisimulia mpaka leo. Kwa hiyo Zanzibar iacheni. Hizo siku tano wapeni Kondoa na kijiji.

Kutoka Dar pandeni treni ya umeme. Tangu ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, ile kutwa nzima ya basi imekuwa saa nne hivi. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Kateni mapema mtandaoni, majina yafanane na pasipoti. Watoto wakae dirishani, maana upande wa Kilosa reli inapita kwenye mahandaki.

Sasa Kondoa. Michoro ya miambani iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na wengi wetu tuliozaliwa Dodoma hatujawahi kuiona. Lami ya kwenda Babati inapita Kolo, kijiji kilicho karibu na michoro, kama kilomita 180 kutoka Dodoma mjini. Msiende na kurudi siku hiyohiyo, laleni Kondoa mjini. Asubuhi piteni kwanza ofisini pale Kolo barabarani, mlipe kiingilio na mpewe mtu wa kuwaongoza. Kupanda ni kwa miguu, kwenye mawe, kwa hiyo ndala hapana.

Wangu wa kati, aliyekuwa na miaka tisa, alilalamika njia nzima mpaka tulipofika chini ya mwamba. Pale akanyamaza. Kuna watu wekundu, wembamba kama vijiti, warefu, vichwa vikubwa vya mviringo, na wanyama kando yao. Akauliza, "Mbona hawana macho?" Mwongozaji, mzee wa Kirangi, hakumjibu haraka. Alimwonyesha jinsi mstari mmoja tu ulivyotosha kufanya mgongo wa twiga, akamwambia asiguse kwa sababu mafuta ya vidole yanaila rangi. Kisha akaeleza kwamba mahali pale, Mungomi wa Kolo, si makumbusho: wazee wa pale bado wanapanda kufanya matambiko ya mvua na ya wagonjwa. Waambieni watoto hilo kabla ya kupanda, waingie kwa adabu kama wanavyoingia kanisani au msikitini. Na mkikutana na Msandawe, wamwombe aseme maneno mawili matatu ya kwao. Zile sauti za vidoko vya ulimi, watoto wangu walizifanyia mazoezi mpaka uwanja wa ndege.

Kijijini msiwapangie ratiba. Mlenda, ugali wa uwele, mbuzi wa kuchunga na binamu zao. Mkisikia kuna ngoma ya muheme mahali, nendeni, hasa kama una binti: wanaopiga zile ngoma, wamezibana katikati ya mapaja, ni akina mama. Zabibu Julai huenda mkazikuta bado, mavuno ni Agosti na Septemba.

Jioni za Julai kuna baridi na upepo, bebeni masweta. Dawa za malaria muulizeni daktari mapema. Wenye pasipoti za Marekani viza ni dola 100 kila mmoja, hata wa miaka 7, ombeni mtandaoni kabla ya kukata tiketi za ndege.

Mama wawili, Reading

---

Shemeji, naongeza Kongwa kwa huyo wa miaka 13. Ni karibu, ukishika barabara ya Morogoro unakunja kulia pale Mbande. Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947, ukawashinda, na kuanzia 1964 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia. Kijana anayesomeshwa habari za Mandela ughaibuni akaone kwamba wenzake Mandela walikula ugali wa Kongwa. Mimi baba alinipeleka nikiwa darasa la sita.

Kaka yenu, Leeds

---

> Asanteni sana. Mume amesoma yote, hoteli tumeiacha. Je, Noah ya shemeji itafika Kolo?

Kolo itafika, ni lami tupu. Kutoka pale kwenda kwenye miamba ni njia ya mawe, inataka gari la juu. Mkifika Kondoa jioni ulizeni gari la kukodi, mpatane bei usiku huohuo, na maji ya kunywa mnunue hapo hapo mjini.