Kusoma kutwa nzima nyumbani siku ya Saba Saba, Uyole (Mbeya): naomba mpangilio

MwanaUyole:
Habari za leo wakuu. Tarehe 7 Julai nyumbani tunataka kusoma kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku. Ni sikukuu ya Saba Saba na pia Siku ya Kiswahili Duniani, kwa hiyo vitabu vyote ni vya Kiswahili. Tuko wanne: watu wazima wawili, wa kidato cha pili na wa darasa la tano. Sebule inatazama kusini, na baridi ya Julai huku mnaijua. Mtu wa kawaida apange kurasa ngapi? Tukae wapi, na jiko la mkaa sebuleni ni sawa? Umeme ukikatika jioni tufanyeje? Naomba majibu ya vitendo, kutiana moyo tutatiana wenyewe.

Seremala_Mby:
Mkuu, sebule ya kusini mwezi huo achana nayo. Julai jua kwetu linapita upande wa kaskazini hata saa 6 mchana, dirisha la kusini halipati kitu kutwa. Fuateni jua. Siku hiyo Mbeya linachomoza saa 1 na dakika chache, linazama kama saa 12 na dakika 40 jioni, kwa hiyo mwanzoni mtasoma kwa taa na kwenye baridi kali. Saa 2 na nusu hamieni ukuta wa mashariki, saa 5 upande wa kaskazini, saa 9 magharibi. Ndiyo maana mkeka unashinda kochi: unahamishika. (Walioko Tukuyu msitegemee hili, ukungu na manyunyu ya huko hayana ratiba.)

Jua likupige mgongoni, kitabu kikae kwenye kivuli chako. Likiangukia ukurasa, karatasi nyeupe inakurudishia mwanga machoni, unaanza kukunja uso na baada ya nusu saa kichwa kinagonga. Wengi wanahangaika na mikono, kumbe baridi inaingilia miguuni. Sakafu ya saruji inanyonya joto, weka gunia au kipande cha godoro chini ya nyayo. Mfuko wa mpira wa maji ya moto ujaze theluthi mbili tu, kamua hewa ndipo ufunge, uzungushie kanga. Chupa ya maji ya dukani usiitie maji yanayochemka: plastiki inajikunja, kifuniko kinaachia, kitabu cha kuazima kinaloa.

Jiko la mkaa liwasheni nje, moshi ukiisha ndipo liingie.

Nesi_Iringa:
Kamwene wadau. Hapo kwenye jiko napinga kabisa. Moshi kuisha si hatari kuisha. Makaa yakishakuwa mekundu bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Na kwa shughuli hii ni mbaya zaidi, kwa sababu dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi. Msomaji atasema ni uchovu wa kusoma, ajifunike blanketi ajilaze hapo hapo. Wapo wasioamka. Mlango ukiuacha wazi kiasi cha kuwa salama, baridi inaingia na faida ya jiko haipo tena. Libaki nje, pikieni huko, ndani iingie chupa ya chai tu.

Macho nayo: kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20, na upepese. Hewa ya Julai ni kavu.

Seremala_Mby:
Sawa nesi, nimeelewa. Jiko nje.

Mkutubi:
Kurasa: kila mmoja ajipime siku moja kabla, kwa kitabu chenyewe atakachosoma. Soma dakika 15, hesabu kurasa, zidisha mara 4. Kurasa 6 zinakupa 24 kwa saa. Sasa, saa 12 za ukutani si saa 12 za kusoma. Ukitoa milo, chai, kuhama na mkeka na hodi za watu, zinabaki 8 hivi. 24 mara 8 ni 192. Punguza robo kwa sababu kasi ya mchana haifanani na ya asubuhi, unabaki na 144. Anayepanga kurasa 300, ikifika saa 8 mchana ameshaanza kurukaruka aya.

Kosa kubwa ni kushika kitabu kinene kimoja kutwa. Riwaya nzito isomwe saa 2 hadi saa 6. Baada ya chakula someni tamthilia kwa sauti, kila mtu mhusika wake. Husinzii ukijua zamu yako inakuja. Hadithi fupi na mashairi jioni. Azimeni mapema, maktaba ya mkoa haifunguliwi sikukuu.

Someni dakika 50, pumzikeni 10. Kengele iwe ya kiswaswadu, simu janja zikae chumba kingine. Mchana msijaze ugali: makande kidogo au viazi vya kuchemsha, parachichi kwa kijiko. Karanga ziwe kwenye kikombe mmimine mdomoni, mafuta ya vidole hayatoki kwenye karatasi.

MwanaUyole:
Nashukuru sana, mmenisaidia. Wa darasa la tano atahimili kweli? Na lile la umeme bado.

Mkutubi:
Kutwa nzima hapana. Mpe vipindi vya dakika 20, jumla saa 3 au 4 zinatosha, katikati acheze. Mpe na kazi ya kutunza muda na daftari: jina, kitabu, ukurasa wa kuanzia, ukurasa wa kumalizia. Atawasimamia kuliko mnavyotaka.

Seremala_Mby:
Taa ya sola ichajini tarehe 6 kutwa, nje kabisa, paneli ikitazama kaskazini. Wengi wanaiweka nyuma ya kioo cha dirisha au chini ya upenuo, halafu wanalaumu taa. Iwasheni usiku wa tarehe 5 muone inadumu saa ngapi. Mkae nayo nyuma ya bega, isiwaangalie usoni. Mshumaa na mablanketi na karatasi, msithubutu. Kama taa ni moja tu, kaeni duara, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, ila kurasa hizo daftarini aandikiwe msomaji peke yake, mkubaliane mapema, la sivyo huyo wa kidato cha pili atazidai zote.